Bustani ya nyumbani katikati ya kiangazi

Tumo katikati ya mwezi wa Julai. Hapa Lubumbashi mvua ya mwisho ilianguka mwezi wa Aprili, nayo ya kwanza hatuitazamii kabla ya Oktoba. Asubuhi baridi ni kali. Kipimo cha joto hushuka mara nyingi chini ya digrii 10, na watoto hutoka nyumbani wamejifunika mpaka masikioni. Majani ya porini yamekauka, moto umepita juu yake, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Jicho latafuta kitu kibichi wala halikioni, isipokuwa nyuma ya nyumba za watu wenye bustani.

Mwanzoni mwa kiangazi tuliwaahidi kuwaeleza mambo ya bustani ya lupango letu: yale yaliyofaulu na yale yaliyotushinda. Leo twatimiza ahadi hiyo. Lakini tuseme mbele kwamba habari hii haitaishia kwenye kabichi na karoti. Mwaka huu bustani imetufundisha neno moja juu ya jamaa yetu wenyewe, nasi tuliona haya kulijua. Tumeona afadhali kulisema wazi, kwani pengine limo pia katika nyumba ya msomaji.

Tuanze na mboga. Tuna matuta matano, kila moja lina upana wa meta 1 na urefu wa meta 5. Wakati wa masika tuliyainua juu ya njia, ili maji ya mvua yasiozeshe mizizi. Mwezi wa Mei tuliyageuza: tulichimba yakawa chini kuliko njia kwa kadiri ya kiganja cha mkono, na kuzunguka kila moja tukaacha ukingo mdogo wa udongo. Tuta la kiangazi si tuta tena, ni kama bakuli. Maji yakimwagwa humo yanakaa na kuzama. Jirani yetu ameyaacha ya kwake yakiwa yameinuka, naye kila siku huona maji yake yakitiririka njiani kumwagilia magugu.

Tuta la kwanza lina kabichi, ambayo wengi kati yetu huiita shu. Zimeanza kufunga vichwa vizuri, kwa sababu shu hupenda baridi ya miezi hii. Tulizipanda kwa nafasi ya sentimeta 50, na wale waliotuambia kwamba twapoteza udongo wanaona sasa kwamba shu zao zilizobanana zina majani tu, hazina vichwa. Tuta la pili lina karoti. Hapa tulikosa. Mbegu zilipoota tulizihurumia, hatukung'oa zilizozidi. Sasa tumechimba chache kwa kujaribu, tukakuta mizizi myembamba kama kidole cha mtoto, mingine imesokotana. Karoti yataka nafasi ya sentimeta 5 hivi kati ya mmoja na mwenzake. Anayewahurumia miche yote mwishoni hali hata mmoja.

Tuta la tatu lina vitunguu, navyo vyaenda polepole lakini bila matata. La nne lina nyanya. Baridi imezichelewesha, hata hivyo majani yake ni safi kuliko ya wakati wa mvua, kwani ukungu unaoyala majani hupenda unyevu. Kwa sababu hiyo twamwaga maji chini, penye shina, wala si juu ya majani. Tena twamwaga asubuhi, ili mche usilale usiku wa baridi umelowa. Tuta la tano lina lengalenga na matembele. Lengalenga wakati wa joto huwa tayari kwa kuchumwa katika majuma matatu au manne; sasa katika baridi zinakawia. Hatuzing'oi, twazikata na kuacha kisiki cha urefu wa kiganja, nazo huchipua tena.

Hivyo ndivyo zilivyo mboga. Mtu akipita nyuma ya nyumba yetu atasema: Mwalimu amefaulu. Nasi tulikuwa tukisema vivyo hivyo, mpaka siku ile mwalimu wa binti yetu alipotusimamisha njiani.

Binti yetu ana miaka kumi na miwili, naye yumo katika darasa la mwalimu mwingine. Mwenzetu huyo alitusalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Mwalimu mwenzangu, uniwie radhi. Mtoto wako analala darasani. Si siku moja. Nilimwuliza kama anaumwa, akaniambia hapana, ni maji ya bustani."

Tulirudi nyumbani kimya. Jioni tulimwita mama wa nyumba na binti yake, tukauliza kwa upole. Ndipo tulipopata habari ambazo yatupasa aibu kuzikosa, kwa maana zilikuwa mbele ya macho yetu. Mtoto alikuwa akiamka saa kumi ya usiku, katika baridi ile, kuchota maji kabla watu hawajawa wengi kisimani. Nasi tulipoamka tulikuta matuta yamekwisha kulowa, tukafurahi na kutembea katikati yake tukisifu shu zetu.

Sisi ni watu wa ubao na chaki, basi tuliketi tukapiga hesabu. Bustani ya mboga katika kiangazi yataka lita 4 hivi za maji kwa kila meta mraba moja, kila siku. Matuta yetu matano ni meta mraba 25. Ndiyo kusema lita 100 kwa siku. Mtoto hutumia ndoo ya lita 10, basi ni safari kumi. Kisima ki mbali na nyumba yetu kadiri ya meta 150; kwenda na kurudi ni meta 300. Safari kumi ni kilometa 3, na nusu ya mwendo huo amebeba kilo 10 kichwani. Baada ya hayo alioga, akaenda shuleni, na mwalimu akamtaka asome kwa akili nyepesi.

Tulimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu: "Baba, ni kazi ya wasichana." Neno hilo hakulitunga mwenyewe. Amelisikia katika nyumba hii, na kaka yake wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akilala mpaka jua kuchomoza, amelisikia vilevile.

Wasomaji wapenzi, twajua kwamba wengine watasema hivi ndivyo wazee walivyotulea. Hatuwadharau wazee. Lakini wazee wetu hawakulima shu katika kiangazi kwa maji ya kisima, wala binti zao hawakutakiwa kuwa shuleni saa moja na nusu na daftari mkononi. Kazi mpya ikiingia nyumbani, yapasa igawanywe upya. La sivyo huangukia shingo ya yule asiyeweza kukataa, naye mara nyingi ni binti.

Basi tulifanya nini? Hatukuiacha bustani, kwani ni chakula. Tulifanya mambo matatu.

La kwanza, tulipunguza kiu ya udongo. Tulikata nyasi kavu, tukazitandika katikati ya miche, unene wa sentimeta 5 mpaka 10, tukiacha nafasi kidogo penye shina. Udongo wetu ni mwekundu na wenye mfinyanzi. Ukiachwa wazi juani wapasuka kama tofali, lakini ukifunikwa washika maji vizuri. Tangu hapo miche mikubwa twaimwagilia siku moja na kuiacha siku moja. Miche michanga peke yake ndiyo inayopata maji kila siku. Kwa lita 100 za zamani, sasa lita 50 zatutosha.

La pili, tuliacha kumwaga maji yanayoweza kufanya kazi mara mbili. Maji ya kuoshea mboga na mchele, na yale ya kusuuzia vyombo, yakusanywa katika pipa dogo karibu na jiko. Kila siku twapata lita 20 hivi. Yale yenye sabuni nyingi hatuyapeleki kwenye majani ya kula, bali kwenye migomba, isiyoyachagua.

La tatu, na ndilo zito, tuligawanya lita 30 zilizobaki. Bidoni la lita 20 ni la baba wa nyumba. Ndoo ya lita 10 ni ya kijana wetu. Binti huchota zamu yake jioni mara mbili kwa juma, baada ya kumaliza kazi zake za shule. Siku ya kwanza tulipopita na bidoni begani, wanaume waliokuwa wamekaa mbele ya duka walicheka. Mmoja aliuliza: "Mwalimu, mama ameumwa?" Tulijibu kwamba mama ni mzima, ila tumekula shu zake muda mrefu bila kuzilipia. Walicheka tena. Baada ya majuma mawili tulimwona mmoja wao kisimani, asubuhi na mapema, na bidoni lake. Hatukusema neno, tulisalimiana tu.

Binti yetu halali tena darasani. Mavuno mengine ya bustani yatakuja mwezi wa Agosti. Hili tumekwisha kulipata.

Tuseme sasa juu ya njia ambazo mboga huziendea, kwa maana hapa pia jamaa nyingi hukosa. Mboga ikiwa nzuri, soko huiita. Shu moja iliyofunga vizuri ni franga za haraka, na hakuna anayeweza kumlaumu mama kwa kuiuza, kwa kuwa chumvi, sabuni na daftari zote zataka fedha. Lakini tumeona nyumba ambamo matuta ni mazuri kabisa na watoto hula bukari kwa chumvi. Yote yamekwenda sokoni. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba, katika watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kuliko inavyowapasa kwa umri wao, ndiyo alama ya kukosa chakula bora muda mrefu. Mtoto aweza kuwa hivyo bila kulala njaa. Tumbo lajazwa, lakini kwa chakula cha namna moja.

Majani mabichi yenye rangi nzito, kama lengalenga, matembele na sombe, pamoja na karoti na papai lililoiva, humpa mtoto vitamini A, inayolinda macho na kumtia nguvu ya kupinga magonjwa. Mafuta kidogo katika mboga husaidia mwili kuipokea. Mawese yenyewe, yakiwa bado mekundu, yanayo. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu. Bali lengalenga na matembele yatosha kupikwa muda mfupi.

Kwetu tumeweka sheria nyepesi: tuta la tano haliendi sokoni. Lengalenga na matembele ni ya sahani. Shu na vitunguu mama anaweza kuuza kadiri apendavyo, na hesabu yake ni yake. Kila nyumba yaweza kuchagua tuta lake, hata likiwa dogo, ikasema: hili ni la watoto.

Twende kwenye matunda. Mchungwa na mlimau ndiyo inayotufurahisha mwezi huu. Matunda yake yameiva, nayo yaja kwa wakati wake, mafua yanapotembea nyumba kwa nyumba. Miembe imeanza kutoa maua. Wanafunzi wasistaajabu maua yakianguka kwa wingi: katika shada moja lenye mamia ya maua, machache tu huwa maembe, hata mti ukiwa mzima kabisa. Mipapai yetu ni mitatu. Mmoja umetoa maua yanayoning'inia juu ya vikonyo virefu. Ni dume, hautazaa. Tumeuacha kwa kuwa unaisaidia mingine kuzaa. Mwenye madume mengi na abakize mmoja.

Neno moja la kuangalia. Kuna nzi wa matunda aliyetoka Asia. Alionekana mara ya kwanza katika Afrika mwaka 2003, huko Kenya, na leo yumo pia katika Kongo. Hutoboa embe na kutaga mayai ndani. Tunda laonekana zuri kwa nje, ukilipasua limejaa funza. Asiyeokota matunda yaliyoanguka humlea nzi huyo kwa mwaka ujao. Yaokoteni yote, myafukie kwa kina cha nusu meta, au myafunge ndani ya mfuko mweusi na kuuacha juani mpaka funza wafe.

Hatuwezi kumaliza bila kuwaambia neno wale wanaoishi karibu na tanuru la kale la shaba. Tanuru hilo lilianza kazi mwaka 1911, wakati mji wetu ulikuwa bado mchanga na kuitwa Elisabethville. Upepo wa kiangazi hutoka zaidi kusini-mashariki, basi kwa miaka mingi moshi ulianguka upande wa kaskazini-magharibi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo na mboga za mji, wakakuta humo shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Madini hayo hayaonekani katika jani, wala kupika hakuyaondoi. Anayekaa upande huo asiache kulima kwa hofu, lakini alime kwa akili. Alete udongo safi kutoka mahali pengine na kuujaza katika matuta yaliyoinuliwa au katika magunia, auchanganye na mbolea ya majani na chokaa kidogo. Apande zaidi mboga za matunda, kama nyanya na bilinganya, kuliko za majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayokusanya madini na vumbi kwa wingi. Tena majani yote yaoshwe kwa maji mengi, mara mbili au tatu, kabla ya kuingia chunguni.

Kazi za majuma yajayo ni hizi. Katika mwezi wa Agosti baridi itapungua na jua litakuwa kali. Ongezeni nyasi juu ya udongo, kwani zile za kwanza zimeanza kuoza. Geuzeni rundo la mbolea na kulitia maji kidogo, lipate kuwa tayari wakati wa mvua. Chawa wa mimea wakiingia katika shu, waosheni kwa maji yenye sabuni kidogo, nanyi mtazame chini ya majani, ndipo wanapojificha. Anayetaka kupanda mti wa matunda achague mahali sasa, achimbe shimo la sentimeta 60 kila upande mnamo Septemba, akiweka udongo wa juu mbali na ule wa chini. Mvua zikishika vizuri mwezi wa Novemba atapanda bila haraka.

Wanafunzi nao tunawaachia hesabu hii. Pimeni bustani ya kwenu kwa meta mraba. Zidisheni mara 4, mpate lita za siku moja. Gawanyeni kwa lita za ndoo yenu, mpate safari. Pimeni mwendo wa kisima au wa bomba, kwenda na kurudi, na kuzidisha. Kisha andikeni chini ya hesabu jina la yule anayechota maji. Mkiona ni jina moja tu kila siku, wapelekeeni baba na mama daftari hilo jioni, kwa heshima, wala msiongeze neno. Hesabu itasema yenyewe, kama ilivyosema kwetu.

Mpaka juma lijalo, tubaki na afya, na majembe yetu yasipate kutu.